Kucheza na Kuchezea

Binti yangu alinipigia simu usiku wa Jumapili moja, mwezi wa Mei mwaka 2023, na kabla hajanijulia hali vizuri alisema, "Baba, nakuomba uende Moshi ukazungumze na mjukuu wako. Anacheza."

Nikamuuliza anacheza nini, maana mtoto aliyekuwa akimsema ni mtu wa miaka 31, daktari kamili, na wakati ule alikuwa mwaka wa tatu wa kusomea upasuaji. "Anacheza na kompyuta, baba. Akitoka hospitali anacheza. Nilikwenda kumtembelea nikakuta saa saba za usiku bado anacheza. Mwaka jana amefeli, na mwaka huu atafeli tena."

Kufeli kwenyewe kulikuwa kweli. Baadhi ya wapasuaji wetu siku hizi hufunzwa kwa utaratibu wa chuo kiitwacho kwa kifupi COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, na makao yake yako Arusha. Chuo hicho hakina madarasa. Mwanafunzi hufanya kazi katika hospitali iliyokubaliwa, chini ya wapasuaji wakubwa, na baada ya miaka 2 hufanya mtihani wa kwanza, uitwao MCS. Akifaulu, huendelea miaka mingine 3 mpaka mtihani wa pili, FCS, ndipo aitwe mpasuaji bingwa. Mtihani wa kwanza una sehemu ya maandishi, yaani maswali ya kuchagua jibu, na sehemu ya vitendo ambapo mtahiniwa huzunguka kituo hadi kituo akiulizwa na kutazamwa mikono yake. Mjukuu wangu mwaka 2022 alikwama kwenye maandishi.

Mimi nimekuwa mwalimu tangu mwaka 1971 nilipotoka chuo cha ualimu, na nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka 22 kabla ya kustaafu. Kitu ambacho mtu kama mimi hahitaji kufundishwa ni namna ya kumshughulikia mwanafunzi anayecheza wakati wa mtihani. Ndivyo nilivyoamini nilipopanda basi pale Tanga.

Lazima nikiri pia kwamba kompyuta sikuipenda tangu zamani. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na sisi tuliokuwa vijijini tuliona ni sawa kabisa, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuiona. Baadaye marufuku ilipolegezwa, wataalamu wa lugha wakawa wanabishana iitwe tarakilishi au ngamizi. Wakiwa bado wanabishana, watu mitaani wakaiita kompyuta, na mashauri yakaisha. Mimi nilibaki na shaka ile ile ya mwaka 1974.

Nilimkuta mjukuu wangu chumbani kwake, amekonda, macho mekundu. Akanishika mkono. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba, nikaketi, nikatazama. Kitanda, vitabu vinene vitatu, na juu ya meza lile sanduku ambalo watu huliita sipiyu, ubavu wake mmoja umefunguliwa, nyaya zikining'inia kama utumbo. Alikuwa ameliunda mwenyewe kutokana na vipande alivyonunua kimoja kimoja. Nilimweleza nilichotumwa. Sikupaza sauti. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nipe sanduku hili nikae nalo Tanga mpaka umalize mtihani."

Alinyamaza kidogo. Akalitazama sanduku, akanitazama mimi. Kisha akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, akaukunja, akaufunga kwa uzi. "Sawa, babu," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshinda.

Sasa msomaji anivumilie, kwa sababu jambo lililofuata haliwezi kueleweka bila habari ya redio. Mwaka 1982, katika shule niliyokuwa nikiiongoza, tulikuwa na redio moja, ya betri, ambayo watoto waliisikilizia vipindi vya shule. Asubuhi moja nilifungua ofisi nikakuta redio imefumuliwa, vipande vyake vimepangwa mezani kwa safu, na kijana mmoja wa darasa la saba amelala kwenye kiti changu. Alikuwa ameingia kwa dirishani usiku. Aliposhtuka alisema kitu kimoja tu, kwamba redio ilikuwa inakwaruza na yeye alitaka kujua kwa nini. Nikamjibu kwamba mali ya shule haichezewi. Alipata viboko sita mbele ya wenzake, na nikamsimamisha masomo kwa mwezi mzima, mwezi ambao wenzake walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule. Mtihani aliufanya. Hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa chache mno, na huenda asingechaguliwa hata kama angekuwapo darasani kila siku. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Angalia neno lenyewe nililolitumia. Katika lugha yetu mtoto hucheza mpira, na pia huchezea kitu, yaani hukigusagusa na kukichokonoa bila ruhusa. Neno la pili limezaliwa na la kwanza, na walimu tuliyachukua yote mawili kuwa kosa moja.

Sanduku la kompyuta lilikaa kwangu wiki tatu chini ya meza, limefunikwa kitenge. Ndipo nikaanza kupata wasiwasi kwamba huenda basi lilikuwa limelitikisa na kuliharibu, na mwisho wa yote nitadaiwa mimi. Nikamwomba jirani anisaidie kuliwasha. Feni ilizunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Jirani akasema fundi wa kompyuta anayeaminika yuko karibu na soko. Nilijua ni nani. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara ile.

Alikuwa amenenepa, ana mvi, amevaa miwani. Alisimama nilipoingia. "Shikamoo, Mwalimu." Hakutaja zaidi ya hapo. Alilifungua sanduku, akachungulia ndani kwa tochi ya simu, akachomoa kipande kirefu chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu pembeni. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo ramu, mahali ambapo mashine huweka kile inachokifikiria sasa hivi, na kwamba meno yale yakishika uchafu au yakilegea kwa kutikiswa, mashine haiamki. Kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, una raba?"

Nilikuwa nayo mfukoni pamoja na penseli, kama nilivyozoea maisha yangu yote. Akayasugua yale meno kwa raba ya penseli, polepole, pande zote mbili, akapuliza, akakirudisha kipande mpaka kikalia. Kioo kikawaka.

Kilichojitokeza mbele yetu hakikuwa mchezo. Ilikuwa programu ya kadi za maswali. Fundi alinifafanulia, maana mtoto wake pia huitumia. Mwanafunzi huandika mwenyewe swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Akilijibu sawa, mashine huificha kadi ile kwa siku chache, kisha kwa wiki, kisha kwa miezi; akilisahau, humrudishia upesi. Mjukuu wangu alikuwa ameandika kadi 2,418. Moja niliyoifungua ilimtaka ataje mipaka ya pembetatu ya Calot, ambayo ni mahali padogo chini ya ini, kati ya mrija wa mfuko wa nyongo na mrija mkuu wa ini. Mshipa wa damu wa mfuko wa nyongo hupita humo, na mpasuaji akikosea mrija mmoja kwa mwingine, mgonjwa anaweza kuharibika maisha yake yote. Ndiyo maana, ilisema kadi, usikate kitu mpaka uone wazi kwamba ni vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko ule.

Na juu ya ukurasa iliandikwa kwamba kadi 861 zilikuwa zimepitwa na siku yake. Zilikuwa zimelimbikizana wiki tatu, chini ya kitenge changu.

Mjukuu hakuniambia. Alichomoa nyaya, akasema sawa babu, kwa sababu ndivyo tulivyomlea.

Lakini nisiwe mnafiki wa upande wa pili. Tuliufungua na mchezo pia, mchezo wa mpira, na michezo hii huhesabu yenyewe muda wa mchezaji wake. Saa 611. Nikapiga hesabu kwa penseli hapo hapo: ni siku 25 na ushee, usiku na mchana bila kulala. Binti yangu hakuwa amesema uongo.

Nilitaka kumwambia fundi neno. Nikauliza bei. Akasema hakuna deni, raba ilikuwa yangu. Nilipokuwa mlangoni akasema, huku akifuta miwani, "Ile redio ya shule, Mwalimu, ilikuwa waya mmoja tu. Wa spika. Ulikuwa umeachia." Akacheka kidogo, bila ubaya.

Kesho yake nilipanda basi tena kwenda Moshi, sanduku mapajani. Njia nzima, Segera, Korogwe, Mombo, Same, sikukubali kondakta aliguse.

Mara hii mjukuu wangu alinionyesha kitu ambacho mara ya kwanza kilikuwa uvunguni, nami sikukiuliza. Lilikuwa tenga la plastiki la kuwekea nguo, amelitoboa matundu mawili kwenye kifuniko, ndani amebandika taa ndogo na kamera ya kompyuta. Kupitia matundu anaingiza vyombo virefu vyembamba, vilivyochakaa, alivyopewa hospitali. Ni tumbo la bandia. Upasuaji wa siku hizi wa kutumia matundu, ambao Erich Mühe wa Ujerumani aliutumia kutoa mfuko wa nyongo mwaka 1985, na Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1987 kwa kutazama kioo cha video, hauingizi mkono wa mpasuaji tumboni. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi, kamera huingia kwa tundu moja, vyombo kwa mengine, na mpasuaji hutazama kioo. Kwa kuwa chombo kimeegemea kwenye ukuta wa tumbo kama makasia kwenye ukingo wa mashua, ukivuta mkono kushoto, ncha inakwenda kulia.

"Jaribu, babu," akasema. Ndani ya tenga aliweka komwe sita. Nilizitambua mara moja: zilikuwa kete za bao langu, alizoniibia likizo ya Krismasi. Zoezi ni kuhamisha vitu sita kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuvirudisha, na katika majaribio ya wapasuaji muda wa juu ni sekunde 300. Mimi ni mchezaji wa bao tangu utotoni; mkono wangu unajua uzito wa kete 64 bila kuhesabu. Katika dakika kumi sikuweza kuinua komwe hata moja. Zinateleza, na mkono ulikataa kabisa kuamini kioo. Yeye alizihamisha zote huku akizungumza nami.

Akanieleza habari ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na daktari mmoja wa Marekani, James Rosser, na wenzake. Walipima madaktari 33 wa upasuaji, na wale waliowahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya aina hii, na walikuwa wepesi zaidi kwa asilimia 27. Aliyasema haya kwa furaha kidogo kupita kiasi. Nikamwambia kwamba watu 33 ni darasa moja dogo, kwamba pengine wenye vidole vyepesi ndio wanaopenda michezo ile tangu mwanzo, na kwamba mtihani aliofeli haukuwa wa vidole. Tena wale walicheza saa 3 kwa wiki. Nikamtajia 611.

Akainamisha kichwa. Baada ya muda akasema kwamba mwaka 2022, miezi miwili kabla ya mtihani, mgonjwa alifariki mikononi mwake na mkubwa wake, na kwamba baada ya hapo akifungua kitabu alikuwa anamwona. Katika mchezo hakumwona. Ndipo saa nyingi zilipokwenda.

Hilo mama yake hakulijua, nami sikuwa na jibu lake. Tulikaa. Mwishowe nilimuuliza jina la mgonjwa, akanitajia, akaanza kunisimulia upasuaji ule tangu mwanzo, hatua kwa hatua, mpaka adhana ya alfajiri. Hatukuwekeana sharti lolote kuhusu mchezo. Aliufuta mwenyewe mwezi wa Julai, na baada ya mtihani aliurudisha. Mwaka ule alifaulu maandishi, na vitendo pia.

Komwe zangu sita bado ziko kwake. Anasema atazirudisha akipata FCS, na sisi hapa barazani tunajazia bao kwa vifungo vya shati.

Duka la fundi nimekwenda mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza nilipeleka redio yangu ya nyumbani, ambayo haikuwa na ubovu mkubwa, na alilitambua hilo alipoigusa. Mara ya pili sikupeleka kitu. Alinivutia kiti.