Kabla ya Kumlaumu Binti

Mwaka jana, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja wa Kibokoni alitujia akilia. Bintiye wa miaka 16 alikuwa mja mzito. Nasi, kwa desturi yetu, tukaanza kuuliza habari za malezi. Akatujibu kwa upole: "Maalim, mimi hutoka alfajiri kuuza mahamri, nikarudi usiku. Karo ilinishinda, mwanangu akakaa nyumbani muhula mzima. Aliyempa nauli na pesa za sodo ndiye aliyemharibu." Tukanyamaza.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, kati ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19, waliokwisha kushika mimba ni 21 katika kila 100 wa nyumba maskini kabisa, na 8 tu wa nyumba tajiri kabisa. Je, matajiri wamewashinda maskini kwa uchamungu? Hasha. Wamewashinda kwa karo, na kwa mtu mzima anayebaki nyumbani.

Zina ni haramu kwa tajiri na kwa maskini, hilo halibadiliki. Lakini zaka nayo ni faradhi, na jirani ana haki yake juu yetu.

Alhamdulillahi, binti yule amejifungua salama na amerudi darasani. Sisi tuliokuwa wepesi wa kumlaumu ndio tuliochelewa kumlipia karo. Basi, ndugu zetu, leo kabla ya magharibi, mwulizeni jirani: "Mwanao ameenda shule?"