Punje ya Koltani Iliyowaka Katika Ofisi ya Kanisa

Tangu mvua za kwanza watu wa hapa Baraka, na wale wanaoshuka kutoka Fizi, wananiuliza neno moja tu: ule moto wa ofisi ya kanisa ulitoka wapi? Wengine wanauliza kwa wema. Wengine wanauliza huku jibu wamekwisha kulibeba moyoni. Naandika ili habari yenyewe ifike hata Misisi kule machimboni, maana habari ya uongo ilipanda gari ikafika kule mbele yangu.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Kanisa lina kompyuta moja ya mezani, ordinatere kama wengi tunavyosema, ya zamani sana, tuliyopewa na marafiki. Inaandika barua, vyeti vya ubatizo na majina ya watoto tunaowasaidia shuleni. Umeme wake unatoka kwa jenereta. Jumatano moja, karibu saa kumi na moja jioni, katibu wetu alikuwa anaandika, akasikia mlio kama mahindi yanayopasuka kwenye chungu. Mara moshi, harufu kali, na ulimi wa moto ukatoka kwenye matundu ya sanduku la mashine na kushika pazia. Karibu na mlango palikuwa kidumu cha esansi cha lita 20. Yule kijana Mungu amempa akili ya haraka. Hakukimbilia maji. Alitoka, akazima jenereta, akapeleka kidumu mbali uani, ndipo akarudi na ndoo ya mchanga wa mafundi waliokuwa wanatengeneza ukuta. Tulipoteza pazia, meza, na kitabu kimoja ambacho nitakisema mwishoni.

Sasa, jirani wa ofisi ni mama mmoja mjane. Asubuhi ya siku ileile alikuwa amekuja kulalamika kwamba moshi wa jenereta unaingia nyumbani mwake, akasema mbele ya watu: “Ii mashini yenu siku moja itawaka.” Kumbe neno hilo lilikuwa kamba shingoni mwake. Kabla ya saa mbili usiku vijana walikuwa wamejaa uani kwake. Wengine, nasema kwa huzuni, ni waimbaji wetu. Wakasema moto hauwezi kutoka ndani ya chuma bila mtu kuutuma, na mmoja akataka waitwe bajakazi waje wanuse. Ninyi wa Fizi mnajua neno hilo linafikisha watu wapi. Mwaka 2021 wanawake waliuawa katika jimbo letu la Kivu ya Kusini kwa kusingiziwa uchawi.

Mzee mmoja wa kanisa akaleta Maandiko. Alisema ni kama moto wa Nadabu na Abihu, moto mgeni mbele ya Bwana. Nilimjibu, “Mzee, wale wawili walibeba moto wao wenyewe mikononi. Onyesha mahali Musa alipoenda kumkamata mjane wa jirani.” Akanyamaza, lakini vijana hawakunyamaza. Mama yule alilala kwetu pamoja na wajukuu wake wawili, na mke wangu aliweka kitanda mbele ya mlango.

Kesho yake tuliitoa mashine nje, chini ya mwembe, mchana, watu wote waone. Tulimwita kijana fundi aliyejifunza kazi Kigoma. Akafungua sanduku. Ndani kuna ubao wa kijani wenye vitu vidogo vidogo, na mahali pamoja palikuwa peusi kama kaa. Pale palikuwa na kitu kinachoitwa kondansatere, au kapasita kama ndugu zetu Watanzania wanavyosema, cha umbo la punje ya mahindi, rangi ya njano, chenye miguu miwili. Kazi yake ni kuweka akiba kidogo ya umeme na kuutuliza usirukeruke. Akatuonyesha risasi ya kuchomelea bado inang'aa. Maana yake mtu aliibadilisha punje ile si zamani, na ni kweli, mashine ilikuwa imetengenezwa na fundi mwingine wiki mbili kabla.

Hapa naomba vijana wanaotengeneza redio na simu wasome polepole. Kondansatere kubwa za aluminiamu, zile za umbo la kopo mnazozijua kwenye redio, zina mstari ubavuni, na mstari huo unaonyesha mguu wa hasi. Punje hizi za njano nazo zina alama, lakini alama yake inaonyesha mguu wa chanya. Mtu aliyezoea redio anafuata mstari kwa mazoea, na punje inakaa kichwa chini. Inaweza kuvumilia saa, hata siku nyingi, kisha siku moja inapasuka. Na hata ikikaa sawa, ikipewa volti nyingi kuliko ilizoandikiwa, mwisho wake ni uleule.

Ndani ya punje kuna unga wa madini uliokandamizwa na kuokwa mpaka ukawa kama sifongo. Juu ya kila chembe kuna ngozi nyembamba sana inayozuia umeme. Juu ya ngozi wanapaka kitu cheusi kiitwacho manganizi dioksaidi. Ngozi ikitoboka, umeme unapita kwa nguvu na pale panapata joto. Sasa kile kitu cheusi kikishika joto kinatoa hewa ya oksijeni, na ile hewa ndiyo moto unaoipenda. Ndiyo sababu punje inawaka kwa hasira kuliko ukubwa wake: imebeba kuni na upepo pamoja. Punje za kisasa nyingi zinapakwa kitu kingine badala ya manganizi na haziwaki upesi hivyo, lakini mashine tunazopewa sisi si za kisasa.

Maneno haya watu waliyasikia, lakini nyuso zao zilikuwa bado ngumu. Ndipo fundi akang'oa punje nyingine kutoka ubao mkuukuu, akaomba betri ya pikipiki ya volti 12. Akawarudisha watu nyuma, akaweka punje juu ya jiwe, akaunganisha kinyume kwa waya mrefu. (Watoto mnaosoma, msijaribu.) Tulihesabu pengine mpaka nane. Pu! Ulimi wa moto, moshi, na harufu ileile ya Jumatano. Hakuna aliyesema kitu. Kisha yule mama mjane akauliza kwa sauti ya chini, “Sasa ii moto ya leo nayo mimi nimeituma?” Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka, na kijana aliyetaka kuita bajakazi aliondoka akiangalia chini.

Alikuwapo mchimbaji mmoja aliyewahi kufanya kazi Numbi, kule Kalehe. Akauliza unga ule ni wa madini gani. Fundi akasema, tantali. “Tantali? Si ni koltani yetu?” Ni yenyewe. Jina koltani limefupishwa kutoka kolumbaiti na tantalaiti, na tantali inatolewa humo. Ekeberg wa Uswidi aliitambua mwaka 1802. Mwaka 2000 bei yake ilipanda mpaka watu wakaacha mashamba na shule wakakimbilia mashimo, na mwaka 2001 ikaanguka. Mnakumbuka pia Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alipofunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na jinsi sadaka zilivyokauka makanisani. Yule mchimbaji aliichukua ile punje iliyoungua akaigeuzageuza mkononi muda mrefu. Alikuwa amechimba miaka sita na hakuwahi kuona inakokwenda.

Kule kambini najua kompyuta ni chache, lakini simu ni nyingi. Nimeona vibanda vya turubai ambamo simu 30 zinachajiwa kwa kamba moja, na esansi ya kuuza iko chini ya meza ileile. Betri ya simu nayo inawaka. Mwaka 2016 Samsung walirudisha simu zao za Galaxy Note 7, kama milioni mbili na nusu, kwa sababu ya betri zilizokuwa zinashika moto, na hizo zilikuwa mpya kutoka kiwandani. Betri ikifura usiitoboe, usiikandamize irudi, na usiichaji tena. Simu isichajiwe chini ya mto wa kulalia. Kompyuta ya kubeba isiwekwe juu ya godoro, maana inakosa pumzi. Na jenereta na esansi, kila kimoja mahali pake, nje.

Kitabu kilichoungua ni orodha ya ubatizo ya mwaka 1998 mpaka 2003. Ni miaka ya vita, na wengi wa wale waliobatizwa walivuka ziwa kwenda kambi ya Nyarugusu. Kama una kadi yako ya miaka hiyo, ilete au mpe msafiri anayekuja Baraka, tuandike jina upya. Asiye na kadi aje na mashahidi wawili. Tunaandika kwa mkono, kila Jumanne na Ijumaa asubuhi.