Spika ya Karatasi Moja

Marehemu mama aliniachia kanda moja ya kaseti. Humo anamsomea mjukuu wake shairi, nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, usiku wa masika. Katikati ya ubeti radi inanguruma, mtoto anashtuka, naye mama anakatiza: “Mvua tu hiyo, mume wangu, lala.” Kisha anaendelea palepale alipoachia.

Nilipokwenda kufundisha Shinyanga niliichukua kanda hiyo. Likizo moja nikafika Geita kwa rafiki yangu, fundi redio, ambaye kibanda chake kilipakana na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Makarasha yalipozimwa jioni, aliiweka kanda katika spika zake kubwa za ukumbini. Radi ilitikisa bati. Lakini mama hakuwamo. Kifua cha sauti yake kilitoka chini, kwenye wufa, na “s” zake zikatoka juu, kwenye twita, kana kwamba wanasema watu wawili.

Fundi alinieleza sababu. Spika za aina hiyo huigawa sauti: nzito kwa wufa, kali kwa twita. Mara nyingi mpaka huwekwa penye mitetemo 2,000 au 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio ni jepesi mno na ambapo konsonanti hutambulika. Mgao usipofanywa kwa ustadi, neno hupasuka. Msomaji mpenda mashairi atanielewa nikisema: ni ubeti ambao ukwapi wake anausoma mmoja na utao anausoma mwingine. Vina vipo, mizani imetimia, ila pumzi si moja.

“Basi mwalimu, tujenge ya karatasi moja,” akasema.

Alichomoa spika ya inchi sita katika redio kuukuu, tukaiundia sanduku la mbao za mninga kwa Jumapili mbili. Hapakuwa na wufa, twita wala saketi ya kugawa. Tulipoiwasha, mama alikuwa mbele yangu. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya mshororo. Nilitoka nje nikasimama kwenye vumbi la makarasha mpaka macho yakakauka.

Niliporudi, fundi alikuwa ameweka kanda yake: bugobogobo, na marehemu baba yake ndiye mpiga ngoma. Ngoma ile kuu ya Kisukuma ilisikika kama mtu anayegonga sufuria.

“Baba hayumo,” akasema.

Hiyo ndiyo kasoro yake, wala si ndogo. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba. Ili lisikike, karatasi lazima isukume hewa nyingi. Karatasi hiyohiyo inatakiwa iwe nyepesi kiasi cha kutetema mara 10,000 kwa sekunde. Mambo hayo mawili hayapatani. Sanduku kubwa husaidia kidogo, lakini halimalizi. Tena sauti kali hutoka imenyooka kama mwanga wa tochi: usipokaa mbele yake, hupotea. Na ukilazimisha kelele za kutosha harusi, karatasi huchanika.

Nilitaka kumwachia sanduku kwa ajili ya jasho lake. Alikataa. “Mzee wangu ana spika zake,” akasema, akairudisha kanda yake kwenye zile kubwa. Ngoma ikaita, na jirani wawili wakaja kusimama mlangoni.

Sanduku sasa liko Unguja. Nikiwasha kanda, mama anasoma, mtoto anashtuka, mama anambembeleza. Radi haisikiki. Mgeni asiyejua hudhani mtoto amelia bila sababu. Mimi najua radi ilikuwapo, niliisikia Geita. Nimeiuza ili niipate pumzi ya mama, na sijaijutia biashara hiyo, ila kila masika bati linapoanza kunguruma, huinuka nikaiwasha kanda, ili nyumba iisaidie spika.