Sahani ya Peke Yangu

Mwaka 1977, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji kipindupindu kilipotuingilia. Ugonjwa huo ulikuwa umesafiri sana: ulianzia Indonesia mwaka 1961, ukafika Afrika Magharibi mwaka 1970, hata ukatufikia sisi wa mikokoni.

Walimu tukaagizwa kuwaelimisha wananchi. Nikasimama mbele ya wazazi nikawaambia: chemsheni maji, leni chakula cha moto, acheni kiporo, msile msibani. Niliyoyasema yalikuwa kweli, kwani vijidudu vya kipindupindu hustawi katika wali uliolala. Lakini mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, maji ya kunywa nayafuata kwa mtumbwi, na alfajiri niko shambani. Nisipowaachia watoto kiporo, watakula nini?" Sikuwa na jibu. Nikalirudia somo langu kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye mzee aliyenipa chumba akafariki kwa maradhi mengine. Nilikwenda kuzika, lakini sinia lilipoletwa nikainuka. Mjane wake aliniona, asiseme neno. Kabla ya hapo hakupika samaki asinitumie bakuli. Tangu siku ile bakuli halikuja tena.

Machi 2020 korona ikatangazwa nchini, nami nimekwisha staafu, naishi Kibiti. Shule zikafungwa. Sokoni malimao na tangawizi vikapanda bei. Maji ya ndimu huua vijidudu vya kipindupindu katika chakula, lakini haikuthibitika kuwa limao hutibu korona. Hata hivyo kila nyumba ilichemsha, na mimi nikanywa. Kuachana na sinia la pamoja, hilo wengi hatukuliweza. Ndipo nikaelewa: shauri linaloongeza kitu chunguni hupokewa upesi, linalomwondoa mtu kwenye mkeka hukataliwa, hata likiwa jema.

Kwa ajili ya umri wangu, mwanetu aliyeko Dar es Salaam alimpigia mama yake simu, akamsihi anitenge. Jioni ile nikapewa sahani ya peke yangu barazani. Wajukuu walikuwa uani, wanacheka, wanagombea ukoko. Mwanangu hakukosea. Lakini wali haukushuka, na aliyenijia moyoni ni yule mjane.

Laiti ningalimwendea kabla ya maziko nikamweleza hofu yangu! Laiti ningaliwashauri wazazi wakamulie kiporo ndimu, na kila mtu apakuliwe chake palepale mkekani!

Hali ilipotulia nilipanda chombo Nyamisati, nikaenda kumtafuta. Nikaambiwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi. Binti yake, ambaye nilimfundisha kusoma, akatandika mkeka, akaleta wali na samaki.

"Karibu, Mwalimu."

Nikanawa mikono kwa sabuni, nikala naye.