Mkono wa Mjomba Ndani ya Kinanda

Pita Jumamosi usiku kwenye kumbi za Dar es Salaam, iwe Magomeni, iwe Temeke, iwe Kinondoni. Kwa nje utasikia bendi nzima: besi inanguruma, gita linachombeza, fidla zinalia, ngoma zinakwenda. Ingia ndani sasa. Utamkuta jamaa mmoja nyuma ya kinanda, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto umekandamiza vibao vitatu tu. Bendi iko wapi? Imo humo humo ndani ya sanduku. Na jamaa mwenyewe, ndugu msomaji, mara nyingi ni mimi.

Swali ninaloulizwa halibadiliki: "Sasa wewe unapiga, au kinajipiga chenyewe?" Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa dharau, na wapo wanaotaka kujua kweli. Ukumbini hakuna nafasi ya kujibu, maana bibi harusi anaingia na MC ameshaanza kupiga kelele. Acha nijibu hapa.

Kinanda cha aina hii kina kitu ambacho sisi wapigaji tunakiita staili. Staili ni vipande vifupi vya muziki vilivyokwisha kupigwa: kipande cha kufungulia, miendo mitatu au minne ya kati, kipande cha kujazia unapovuka kutoka mwendo huu kwenda ule, na kipande cha kumalizia. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akaviandaa vyote kwa nota za msingi mmoja, tuseme wa Do. Mimi nikikandamiza Fa, La na Do kwa mkono wa kushoto, mashine inaelewa kuwa nimehamia Fa. Inaibeba besi, inalibeba gita, inawahamishia huko. Ngoma zinabaki palepale. Mkono wa kulia unaimbisha wimbo. Basi, uchawi wote ndio huo.

Kwa hiyo swali la haki si kama kinajipiga. Swali ni: huyo aliyepiga zamani, ambaye mimi namwamsha kwa kidole, ni nani?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilitoa kabati la mbao lililowekwa pembeni ya kinanda. Ndani yake sahani ilizunguka kwa mota, ikigusa vyuma vilivyopangwa, na kila mguso ukatoa mlio wa ngoma. Ilikuwa na midundo 12, ya wolzi, tango, chacha na kadhalika. Na jina lake je? Waliliita Sideman, yaani yule mwanamuziki anayekaa pembeni kumsindikiza mwenzake. Lo! Mashine ikapewa jina la mtu iliyekuja kukalia kiti chake.

Miaka ikaenda, vinanda vikawa vidogo na bei ikashuka. Mwaka 1981 Casio ya Japani ilitoa kidude cha plastiki kiitwacho MT-40. Midundo yake iliandaliwa na binti mmoja aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, Hiroko Okuda, ambaye chuoni alikuwa ameandika kuhusu muziki wa rege. Mdundo mmoja ukaandikwa "rock". Kidude kikafika Jamaica. Vijana wa Kingston wakaupunguza mwendo mdundo ule, na mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautolea wimbo "Under Mi Sleng Teng". Jamaica nzima ikatikisika. Waimbaji wengi wakaimba juu ya mdundo uleule, na rege ikahamia kwenye mashine. Okuda mwenyewe, kwa miaka mingi, mashabiki wa muziki huo hawakumjua hata kwa jina.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Mwaka 1983 ukaja mfumo wa MIDI, vyombo vya viwanda mbalimbali vikaanza kuelewana. Mwaka 1988 Roland ikatoa E-20, na mwaka 1993 Korg ikatoa i3. Sasa staili ikawa na miendo kadhaa, na ukaweza kuibeba kwenye disketi mfukoni. Yamaha ikaleta Tyros mwaka 2002, Genos mwaka 2017 na Genos2 mwaka 2023. Zamani ngoma ya kwenye kinanda ilikuwa tiki-tiki kama saa ya ukutani. Siku hizi kuna staili ambazo ngoma zake ni za binadamu aliyerekodiwa kweli studio, akipiga, akipumua.

Na kuna jambo moja linalonichekesha kila nikilikumbuka. Vinanda vingi vya aina hii vimebuniwa katika jimbo la Marche huko Italia. Ketron wako Ancona, Korg wana karakana yao Osimo, na Roland nao walikuwa na kiwanda katika jimbo hilohilo. Jirani yao kuna mji wa Castelfidardo, unaosifika duniani kwa kutengeneza akodioni. Mafundi wa vyombo walikuwepo tangu mababu. Na akodioni, kama unavyojua, imo katika taarabu ya Unguja tangu zamani, pamoja na udi, ganuni, nai, fidla na dumbaki.

Hapo ndipo anapoingia mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mpigaji dumbaki. Kikundi chao kilikuwa na watu kumi na wanne, wote wakikaa kwa safu na mashati yanayofanana. Halafu ikaja miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ikapamba moto, rusha roho kila kona, na kinanda kikashika usukani. Wenye shughuli wakaanza kupiga hesabu: ya nini kulisha biriani watu kumi na wanne wakati watano wanatosha? Fidla zikaondoka kwanza. Ganuni ikafuata. Akina mjomba wakadumu kidogo, kwa sababu staili za wakati ule hazikuwa na mdundo wao. Kulikuwa na polka, kulikuwa na bosanova. Iliyoitwa "Rhumba" ilikuwa ya kumbi za dansi za Wazungu, haikuwa ya Kinshasa wala ya kwetu. Mpigaji kinanda aliichukua hivyohivyo, akaikokota mwendo, na dumbaki la mjomba likaziba mapengo.

Baadaye viwanda vikatoa matoleo ya nchi za Kiarabu, yenye vitufe vya kushusha nota kwa robo sauti ili maqamu kama Rasti na Bayati yakae sawa, na yenye midundo ya Misri ndani. Wenye bendi wakafurahi. Mjomba akaambiwa asante sana mzee, tutakuita. Mpaka leo hawajamwita. Aliuza vitenge Kariakoo, akasomesha watoto wawili.

Mimi nilipojinunulia kibodi ya mtumba iliyotoka Dubai, niliogopa kumwonyesha. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, "Marahaba mjomba," maana kwetu mjomba na mpwa huitana vilevile. Akakizunguka kile kinanda kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Akaniambia, "Washa huyo dumbaki wake." Nikawasha mdundo wa Misri. Akasikiliza kwa muda, kisha akasema, "Anajua kupiga. Lakini huyu hajawahi kufika Ng'ambo." Yaani ule upande wa pili wa mji wa Unguja, kwenye kidumbaki cha harusi za uswahilini.

Ni yeye aliyetoa wazo. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kumsumbua, na alijua siku zake za kupiga zinahesabika. "Kama linameza watu," akasema, "basi na mimi linimeze, nikiwa mzima."

Tulifanya kazi usiku mbili, chumbani kwangu, feni imezimwa ili isiingie kwenye maikrofoni. Kwanza tulirekodi milio mmoja mmoja: dum ya katikati ya ngozi, tak ya ukingoni, na ule mlio wa kukwaruza kwa kucha ambao hauna jina. Kisha akapiga mwendo mzima kwa vidole, juu ya vibao. Sasa kinanda kina tabia yake. Ukirekodi, kinanyoosha mapigo. Pigo lililochelewa kinalisogeza mbele likae kwenye mstari. Tulipousikiliza mwendo wa kwanza, mjomba alikunja uso.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni askari wa gwaride."

Nikazima ule unyooshaji. Akapiga tena. Nikatazama kwenye kioo cha kinanda: pigo la tatu linachelewa, kila mara, kwa kiasi kidogo mno ambacho sikio la haraka halilikamati, ila kiuno kinalikamata. Miaka yake thelathini na kitu ya kazi ilikuwa mle, katika kule kuchelewa. Hakuna kiwanda ambacho kingelijua pigo lile, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Ile staili niliipigia harusi ya kwanza Buguruni, na wakina mama hawakukaa. Rafiki mmoja akaniomba, nikampa kwenye flashi. Yeye naye ana rafiki. Haukupita mwaka, nilikuwa Mbagala kwenye kicheni pati ya ndugu, mimi ni mgeni tu nimekaa na soda yangu, nikamsikia mjomba anapiga. Pigo la tatu, limechelewa vilevile! Nikamfuata mpigaji, nikamuuliza hiyo staili kaitoa wapi. "Aa, mshikaji, ya mtaani hiyo," akanijibu, "haina mwenyewe."

Nilipomsimulia mjomba nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza, akauliza swali moja: "Na chakula waliniwekea?"

Swali hilo ndilo limebadilisha mahesabu yangu. Tangu hapo, kila nikilipwa, nagawa mafungu matatu: langu, la mwenye spika, na la dumbaki. Fungu la dumbaki linakwenda kwa mjomba, kwenye bahasha, kama enzi zao. Si pesa ya kujengea nyumba. Lakini amefanya kazi, hata kama alikuwa nyumbani kalala.

Najua wapo watakaosema kuwa muziki ni wa kupokezana. Ni kweli. Watoto wa Manzese na Tandale walizichukua sehemu za mwisho za nyimbo za taarabu, wakaziharakisha kwenye kompyuta mpaka mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, na ndipo ikazaliwa singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na Wazungu nao wakaruka. Siombi mtu afungiwe mlango. Kama vijana wa Kingston wangeogopa neno "rock" lililoandikwa kwenye kitufe, dunia ingekosa mengi.

Ninachosema ni kwamba neno "haina mwenyewe" ni uongo. Kila staili ina mwenyewe: yupo wa Ancona, yupo wa Tokyo, yupo wa Cairo, na mmoja yupo Magomeni anauza vitenge. Nanyi mnaoandika kwenye kurasa hizi, mnaotafuta mtindo wenu, mnalijua hili kuliko mimi. Kuna mtu alichelewesha pigo kabla yenu.

Kwa hiyo nikiulizwa tena, jibu langu ni kwamba ninapiga, lakini sipigi peke yangu. Jumapili ijayo mimi na mjomba tunaanza staili ya pili, ya chakacha. Kifundo kimepata nafuu kidogo. Bei ameshaitaja, na amesema safari hii anataka nusu kabla ya kuwasha kinanda.