Siku ya Nne

Siku ya nne madoa meupe yalimtoka samaki. Nikamwambia mdosi amepona, tumtoe karantini. Akacheka. Vimelea vimejiangusha tu, viko chini ya tangi vinazaana, vitamrudia. Dawa ya shaba huviua vikiogelea kumtafuta, ndiyo maana kipimo hakifai kushuka kwa siku 30. Kikizidi, samaki mwenyewe anakufa.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi miwili. Kila Mama akipiga nilisema masomo yako poa, naye anatulia wiki moja, kisha anauliza tena.

Usiku huo nilipima maji, nikaandika namba daftarini, halafu nikampigia.

“Mama, niliacha chuo.”

Akanyamaza. “Na ile karo?”

Sikuwa na jibu. Samaki alikuwa amebakisha siku 26.