Si mkandaji, si daktari: basi ni nani?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaomba nafasi kidogo tuwaelezee watu ambao kambini wote tunawajua kwa sura, ila kazi yao tunaikosea jina. Ni wale wataalamu wa tiba ya viungo wanaokuja na begi la mipira na mikanda.

Wengine wanawaita wakandaji, wengine madokta. Watoto wetu wanasema "walimu wa mazoezi". Mmoja wao alituambia huku anacheka: "Jina lolote naitika, ila likiwa si lenyewe, anayeumia ni mgonjwa."

Maneno yale tuliyafikiri sana. Kwa mkandaji unajilaza mkekani, yeye ndiye anafanya kazi. Kwa daktari unangoja vidonge au sindano. Mtaalamu wa viungo anapima goti linakunja mpaka wapi na msuli upi umelegea, halafu kazi yenyewe unaifanya wewe, kila siku, nyumbani kwako. Sasa ukimwita mkandaji utangoja akukande, na asipokukanda utasema hajafanya kitu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi wetu mmoja wa klasi ya tatu. Alianguka mkoroshoni, akavunjika mguu. Plasta ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga, lakini goti limekakamaa. Akaonyeshwa mazoezi. Bibi yake akasema: "Dokta gani huyu, hana sindano, hana dawa? Kazi ananiachia mimi!" Akaacha kumpeleka. Mtoto chooni hawezi kuchuchumaa, wenzake wanamcheka, akaanza kukosa shule.

Tulikwenda kwao pamoja na yule mtaalamu. Hakubishana na bibi. Alimwamkia, akauliza: "Bibi, mjukuu wako kabla hajaumia alikuwa anafanya nini hapa nyumbani?" Bibi akajibu: "Alikuwa anachota maji, na tunaswali naye." Basi mazoezi yakapangwa hapo hapo: kukunja goti pole pole kama anayejiandaa kukaa kwenye sala, mto umewekwa chini ya makalio, na kila wiki mto unapunguzwa unene. Bibi ndiye akawa msimamizi. Leo mtoto anachuchumaa, na shule anakuja. Kukaa sawasawa kwenye sala bado, lakini anakaribia.

Kutafuta jina si jambo geni kwao. Mwaka 1894 kule London wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wakandaji waliosomea, kwa sababu kukanda kulikuwa kumechafuliwa jina na nyumba za uasherati. Wakaweka masharti na mitihani. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaleta majeruhi wengi, kazi ikakua, na mwaka 1944 chama hicho kikachukua jina la fiziotherapia. Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma wanafundisha kazi hii Moshi, KCMC. Hapo hapo kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa miguu na mikono ya bandia tangu 1981.

Nchi yetu inawahitaji watu hawa. Vita iliyokwisha 1992 ilituachia mabomu ya ardhini, na kazi ya kuyaondoa ilitangazwa kumalizika 2015 tu. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2017, vita nyingine ikaanza hapa kwetu, Mocímboa da Praia.

Sisi walimu wa kujitolea tunawaelewa. Na sisi tunaambiwa, "Nyie si walimu hasa, mnasaidia tu." Lakini mtoto akijua kusoma, amejua. Tunavyoona sisi, mtu wa kazi anajulikana kwa kile anachokijua na kwa kukubali kuulizwa juu yake, hata kama hana koti jeupe.

Wakandaji wetu wa mafuta ya nazi hatuwadharau, kwa uchovu wanasaidia. Ila mguu uliovimba baada ya kuanguka usikandwe, upelekwe kwanza kituo cha afya. Na mgonjwa akipewa mazoezi, ayafanye hata siku ambayo mtaalamu hayupo.

Tarehe 8 Septemba ni siku yao duniani. Ukimwona mmoja siku hiyo, mwambie: "Asante, fizio." Atafurahi.

Wasalaam,
Sisi walimu wenu wa kujitolea